Ujumbe wa Bhoke kwa Baba Mkwe

Siku ya tatu ya msiba wa mke wangu, wanawake walikaa uani juu ya mikeka wakichambua mchele, na mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha la jikoni, mahali ambapo watu husahau kwamba mzee anasikia. Getini kulikuwa na ndoo yenye koki na kipande cha sabuni, na kila aliyeingia alinawa kabla ya kutoa pole. Labda ndoo ile ndiyo iliyomkumbusha binti yetu Gati. Alikuwa akiwaeleza wageni jinsi mama yake alivyokuwa mtu wa heshima, heshima ya kupita kiasi. Akasema kwamba mwaka wa kipindupindu, walipokuwa wanakaa Tarime mjini, mama yake alimwachia baba mkwe wake choo kizima, yeye akawa anakwenda kujisaidia kwa jirani na mtoto mgongoni. "Na huyo mtoto ni mimi," Gati akasema. "Lakini babu akakataa. Kaambiwa choo ni chako peke yako, kakataa, akaenda zake mtoni. Mkaidi yule mzee." Wanawake wakacheka kile kicheko cha msibani kinachowapumzisha watu. Mmoja akaniangalia kuona kama nimesikia, nami nikatabasamu.

Habari hiyo Gati aliipata kwa mama yake, na mama yake aliipata kwangu. Si ya kweli. Nimeishi nayo tangu nikiwa kijana aliyemaliza darasa la saba, mwenye daftari na kalamu ya serikali, na sasa aliyeiamini kuliko wote amezikwa. Sijui kuandika vitabu. Nitaandika mwaka ule tu, jinsi ulivyokuwa.

Watu walikuwa wameshahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na mjini tulikuwa tunapanga foleni ya sukari na sabuni kwenye duka la ushirika. Tarime ya wakati ule ilikuwa na sehemu mbili, ingawa hakuna aliyezitaja hivyo. Juu, karibu na boma, kulikuwa na nyumba za serikali zenye mabati mekundu, maua, na mabomba ndani. Sisi tulikuwa bondeni. Nyumba zetu zilikuwa za udongo, viwanja vimebanana kiasi kwamba ukikaanga dagaa jirani anakuambia chumvi imezidi, na bomba letu lilikuwa moja kwa watu wote. Likikauka, na lilikauka karibu kila siku kabla ya saa nne, tulishuka kwenye kijito. Nyumba yangu ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha nyuma tulilala mimi, mke wangu Bhoke, na Gati aliyekuwa bado ananyonya. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti viwili vya kamba, na chemli iliyoning'inia kwenye msumari. Nyuma ya nyumba, hatua nane kutoka jikoni, kulikuwa na choo nilichokichimba mwenyewe. Nilikionea fahari. Kilikuwa na mlango wa mbao, wakati wengi wa bondeni walitundika gunia.

Baba yangu alikuja kutoka Nyarero mwanzoni mwa mvua kutibiwa macho. Alipanga kukaa siku nne. Siku ya tatu habari zikafika kwamba kipindupindu kimeingia, na kesho yake mgambo wakaweka mti barabarani. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka mjini bila kibali. Nilikwenda kumwombea. Karani akaniambia vibali ni kwa walio na shughuli muhimu, na wakati naongea naye Landrover ya serikali ilipita pale nje ikiwa na wanawake na watoto na magodoro juu, wanapelekwa kwao mpaka hali itulie. Nilirudi na kumwambia mzee asubiri kidogo. Alisema hana haraka, ng'ombe wana wachungaji.

Kwa wasioijua mila yetu nieleze kidogo. Kwa Mkurya, mtu na mke wa mwanawe, kama vile mtu na mama mkwe wake, wana kitu kati yao tunachokiita ensoni. Ni heshima na aibu kwa pamoja. Hawakai chumba kimoja wakapiga soga, hawashikani mikono, na chochote cha mwili wa mmoja hakitakiwi kukutana na cha mwingine. Nyumbani kwake Nyarero jambo hili halikuwa na tabu, kwa sababu eneo ni kubwa na mzee ana upande wake na njia yake. Mjini kwangu baba alikohoa kila alipotaka kuingia uani, ili Bhoke apate muda wa kupisha. Bhoke alipika ugali wa muhogo na mtama, akauweka mlangoni na bakuli la maziwa ya mgando, akapiga goti, akatoweka kabla baba hajanyoosha mkono. Nilipenda kuwatazama. Walikuwa wanapendana, wale watu wawili, na njia yao ya kupendana ilikuwa ni kupishana.

Jioni ya kwanza, baba alikaa kwenye kiti cha kamba akiwa na kitambaa machoni, akaniuliza kwa Kikurya, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Hapa kwako wazee wanakwenda upande gani?" Nilimwonyesha choo changu chenye mlango wa mbao. Akafunua kitambaa kidogo, akaangalia. Bhoke alikuwa anatokea kule na kopo la maji. Baba akarudisha kitambaa. "Ni kizuri," akasema. Kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, nilimsikia akikohoa, akifungua mlango wa mbele, na fimbo yake ikigonga mawe kuelekea kijitoni.

Wiki hiyohiyo nilipata kazi. Bwana Afya, mtu wa kutoka mbali, mpole, aliyeandika kwa mkono mzuri ajabu, alitafuta vijana wanaojua kusoma wakague vyoo vya mji mzima. Nilipewa daftari na ndoo ya chokaa. Safu ya kwanza jina la mwenye nyumba, ya pili jina la balozi wa nyumba kumi, ya tatu choo, na hapo uliandika neno moja, kipo au hakipo. Ambako kipo nilipaka alama nyeupe mlangoni. Ambako hakipo niliwapa siku saba, wakishindwa balozi wao anaitwa. Watu walichimba kwa kuogopa. Bondeni ukichimba shimo usawa wa bega unakuta maji, wakachimba hivyohivyo na mimi nikaandika kipo. Safu ya kuuliza nani anakitumia haikuwepo. Nilikuwa natembea na ile ndoo nikijisikia mtu. Watu waliokuwa wananiita Chacha wakaanza kuniita Bwana Mkaguzi, na nikaitika.

Nilikagua na kule juu pia. Kwa mkuu mmoja wa idara, Mkurya mwenzangu, mkewe alinikaribisha chai ya sukari, sukari yenyewe nyeupe, kwenye kikombe chenye sahani. Choo kilikuwa ndani, na maji yalishuka ukivuta mnyororo. Nilipotoka kwa nyuma nikaona chumba kingine kidogo cha matofali kando ya mipapai, chenye njia yake ya changarawe. Nikauliza kama ni stoo. Yule bwana akacheka. "Hicho ni cha mama mkwe," akasema. "Amekaa hapa tangu mwezi wa pili. Wewe Mkurya bwana, nikuelezee nini?" Tukacheka wote wawili. Niliandika kipo, kwa nyumba yenye viwili. Nikashuka bondeni nikiwaza kwamba mtu yule ameshika mila zake zote, na hakuna anayemwita mshamba, kwa sababu anacho kiwanja.

Bhoke alikuwa ameshaona. Mwanamke huona njia ya kila mtu wa nyumba yake. Usiku, Gati akiwa amelala kati yetu, alininong'oneza kwamba mzee anakwenda mtoni, na kule mtoni ndiko watu wanachota bomba likikauka, na yeye hawezi kumsemesha. Alitaka tuchimbe kingine upande wa pili. Nilimwambia upande wa pili ni ukuta wa jirani. Akamfunika Gati vizuri. Kisha akasema, "Basi kiwe chake. Kikwangue, kimwagie majivu, upake chokaa upya. Mimi nimeongea na Mama Akinyi, nitakwenda kwake. Mwambie tata kwamba kuanzia kesho mimi sikanyagi pale. Mwambie vizuri." Tata ndivyo alivyomwita baba yangu.

Mama Akinyi alikuwa jirani yetu Mjaluo aliyeuza samaki wa kukaushwa. Asubuhi ile nilikwangua, nikamwaga majivu, nikapaka chokaa. Kuanzia siku hiyo Bhoke alipita kwenye upenyo wa ua akiwa na Gati mgongoni, alfajiri na jioni, na mara nyingine katikati ya mvua. Nilimsikia Mama Akinyi akimtania, "Mke wa mkaguzi amekosa choo? Huyo bwana anakagua nini huko anakozunguka?" Na Bhoke akajibu kwamba bawaba za mlango zimeng'oka, fundi anakuja. Alinitetea.

Mimi sikumwambia baba. Hilo ndilo ninaloandikia yote haya. Mwanzo nilisema moyoni kwamba mwana hawezi kumwambia baba yake habari za mwili wa mkewe, na ni kweli, hawezi. Lakini mila yetu haikuniacha bila njia. Ilitakiwa nimtafute mzee wa rika lake, nimweleze kwa kuzungukazunguka, naye angekuja kukaa na baba na kumfikishia kwa utani, kwani wa rika moja hutaniana mambo ambayo hatuwezi kuyataja. Na mzee wa namna hiyo alikuwepo, nyumba ya tano kutoka kwangu, Mzee Wambura, mshona viatu, wametahiriwa mwaka mmoja na baba. Nilipita mlangoni kwake kila siku na ndoo yangu. Nilijua nikimwambia yeye, jioni bonde zima litajua kwamba nyumbani kwa Bwana Mkaguzi choo kipo na baba yake anakwenda mtoni. Nikasema nitamwambia kesho. Ikawa hivyo siku kumi na moja.

Katikati ya siku hizo kukawa na mkutano wa kamati, kwenye chumba cha darasa, sisi wakaguzi tukiwa nyuma kwenye madawati ya watoto. Bwana Afya aliweka madaftari yetu mezani. Alisema hawezi kuelewa. Bondeni karibu kila nyumba ina choo sasa, na wagonjwa wote isipokuwa wawili wanatoka bondeni. Akavua miwani. Aliuliza kwa upole kabisa kama kuna kitu wenyeji tunakijua na yeye hakijui. Yule bwana mwenye mipapai alikuwa mbele. Akasema ni uchafu tu, mtu ametoka machungani jana, umjengee choo atahifadhia mahindi. Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, na si cha kujilazimisha. Bwana Afya akanitafuta kwa macho kule nyuma. "Chacha, wewe unakaa nao. Kuna nini?"

Ningeweza kusema. Ningesema, kiwanja ni kidogo, choo kimoja hakiwezi kubeba mkwe na mkwe, tupeni eneo la wazee, hata vyoo vinne vya jumuiya pale penye mti wa mkuyu, na bomba la pili. Yalikuwa yote kichwani, sikuhitaji kufikiri. Na mtu yule alikuwa anauliza kwa kutaka kujua. Nikasimama, nikashika ukingo wa dawati. "Hawajazoea, Bwana Afya," nikasema. Akaandika. Uamuzi uliotoka siku ile ulikuwa ni kuweka mgambo kijitoni wawafukuze watu. Mgambo walisimama penye kivuko, kwa hiyo wazee wakapanda juu zaidi, juu ya mahali pa kuchotea.

Baba aliugua asubuhi, na hadi jua lilipokuwa katikati macho yake yalikuwa yamezama na ngozi ya mikono imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Tulimbeba kwenye machela ya magunia, mimi na Mzee Wambura na vijana wawili, mpaka kwenye kambi ya wagonjwa. Mlangoni karani alikuwa na fomu, na fomu ile, mara ya kwanza mwaka ule wote, iliuliza vizuri.

"Nyumbani kuna choo?"

"Kipo."

"Mgonjwa alikuwa anakitumia?"

Baba alikuwa palepale miguuni petu. Macho yalikuwa yamefumba lakini sijui kama alikuwa hasikii. Nikasema, "Hajazoea." Karani akaandika, akageuza ukurasa.

Waliniruhusu kukaa naye kidogo. Aliomba maji, nikampa yale ya chumvi na sukari waliyokuwa wamechanganya kwenye ndoo. Nilitaka kumwambia pale. Hakukuwa tena na cha kuonea aibu, alikuwa amelala kwenye kitanda kilichotobolewa katikati, ndoo chini yake, mbele ya watu. Nilifungua mdomo, naye akanitangulia. Alisema, "Nyumba yako ni nzuri, Chacha. Ni ndogo tu." Kisha akasema, "Mwambie mama Gati asije huku." Nilijua maana yake. Hakutaka mke wa mwanawe amwone katika hali ile. Alikuwa bado anampisha.

Ujumbe huo niliufikisha siku ileile. Bhoke alikuwa jikoni anakoroga uji wa kumpelekea. Akasikiliza, akaacha mwiko ndani ya sufuria, akaketi chini. Usiku baba akafariki, na wakamzika asubuhi watu waliovaa mabuti, pembeni mwa mji, bila kuoshwa, na chokaa juu yake, mzee ambaye alipaswa kuzikwa kwenye boma lake Nyarero mbele ya ng'ombe wake. Kaka zangu walisimama upande wa pili wa ule mti wa barabarani na hawakuruhusiwa kupita. Chokaa ilikuwa ileile. Niliutambua mfuko.

Tuliporudi nyumbani Bhoke alinipa maji ya kunawa. Alisubiri mpaka nikamaliza kukausha mikono.

"Ulimwambia?"

Nilijua anauliza nini. "Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alinyamaza."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa hesabu aliyokwisha kuipiga mwenyewe. Alisema ni kosa lake. Alipaswa kuondoka kwenye choo kile tangu siku ya kwanza, kabla mzee hajamwona akitoka mle na kopo la maji. Alisema ndiyo maana mzee hakutaka aende kambini, alikuwa amemchukia. Nilimwambia asiseme hivyo. Hilo tu ndilo nililomwambia. Kwa miaka mingi hakuweza kula mbele ya ndugu zangu wa kiume. Tulipohamia Mugumu na kupata kiwanja kikubwa, kitu cha kwanza alichojenga, kabla ya jiko, kilikuwa choo cha wageni wazee upande wa mashariki, chenye njia yake, na alikifagia mwenyewe hadi miguu ilipomkatalia. Alipozeeka maumivu yale yakalainika, akaanza kuwasimulia watoto kama kichekesho, babu yenu na ukaidi wake. Nilikuwa nasikia kutoka chumba cha pili. Kila mara nilikuwa na nafasi ya kuingia na kusema.

Nimesikia vijana wa afya siku hizi wakitufundisha kwamba ugonjwa hauchagui. Kwa niliyoyaona, ulipita kwenye njia tulizouachia, na njia nyingi zilikuwa bondeni. Lakini sitaki kujificha nyuma ya boma na mabomba. Kiwanja kilikuwa kidogo, ni kweli, na bomba lilikuwa moja, na kibali kilinyimwa. Pamoja na hayo yote Bhoke alikuwa amepata dawa ya nyumba yetu, kwa gharama ya miguu yake mwenyewe kwenye tope, na kilichobaki kilikuwa maneno machache ya kumpa Mzee Wambura.

Jioni ya siku ile ya tatu, wageni walipopungua, Gati aliniletea uji. Alikaa kwenye mkeka miguuni pangu akaanza kuosha vikombe kwenye beseni. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Baba, hivi babu alisemaje alipoambiwa?" Sauti ilikuwa ya mama yake kabisa. Uji ulikuwa wa moto, nikaupuliza.

"Alinyamaza," nikasema.

Akacheka kidogo, akaendelea na vikombe. Usiku ule sikulala, na asubuhi nikamwomba mjukuu daftari la shule. Ukifika hapa, Gati, ujue kwamba sikuweza kukuambia ana kwa ana, hata kwa umri huu. Wasomee na wale wanawake waliocheka. Babu yako hakukataa. Hakuna mtu aliyemwambia.